Hamira bado haijastaafu

Tangu Oktoba 2024, Nobel ya Kemia ilipokwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi ya kubuni protini na kutabiri maumbo yake kwa kompyuta, kuna kauli moja ninayoisikia kwenye mihadhara, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanabiolojia, hata kwenye maandiko ya kuombea fedha za utafiti: kwamba swali la protini ipi hushikana na ipi limeshahamia kwenye kompyuta, na mbinu za mezani, hasa ile ya kikongwe inayotumia hamira, zimebakiwa na nafasi ya makumbusho tu. Mwaka 2025 kauli hiyo ikapata nguvu zaidi. Kundi la watafiti wa Marekani, Baker akiwemo, liliipa kompyuta jozi zipatazo milioni 200 za protini za binadamu, yaani karibu kila jozi inayowezekana, na kompyuta ikarudi na takriban 18,000 ambazo wao wanakadiria kwamba tisa katika kila kumi ni za kweli. Kwa wengi hapo mjadala ukafungwa. Kijana anayeanza shahada ya uzamili leo ataambiwa aachane na sahani za maabara, ajifunze kuandika programu.

Ninadhani mjadala umefungwa mapema, tena kwa sababu isiyo sahihi. Kompyuta na hamira haziulizwi swali moja. Kompyuta ni hodari wa kueleza protini mbili zikikutana zitakaaje. Hamira ni hodari wa kukutajia jina ambalo hukulifikiria, kutoka kwenye kundi la maelfu usiyoyajua, tena ndani ya seli iliyo hai. Kadiri utabiri wa kompyuta unavyozidi kuwa rahisi, ndivyo madai yanayosubiri kuthibitishwa yanavyorundikana, na uthibitisho huo unafanywa mezani. Kwa maabara za Afrika Mashariki, ambako magonjwa na mazao tunayohangaika nayo si yale yaliyojaza hazina za data za dunia, kuitupa hamira sasa ni kuuza jembe kwa sababu umesikia jirani ana trekta.

Nianze na mbinu yenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanaoitangazia kifo hawakumbuki inavyofanya kazi. Hamira tunayoizungumzia ni ile ile ya maandazi, Saccharomyces cerevisiae, kiumbe cha seli moja chenye jeni zipatazo 6,000 zilizosomwa zote kufikia mwaka 1996. Ndani yake kuna protini iitwayo Gal4 ambayo kazi yake ni kuwasha jeni za kumeng'enya sukari ya galaktosi. Gal4 ina sehemu mbili: moja hung'ang'ania DNA mahali maalumu, nyingine huita mitambo ya kuisoma jeni. Katikati ya miaka ya 1980, Roger Brent na Mark Ptashne walionyesha huko Harvard kwamba sehemu hizi zinatenganishika. Ukichukua ya kuita mitambo na kuipachika kwenye protini ya bakteria inayoshika DNA, bado inafanya kazi. Mwaka 1989 Stanley Fields na Ok-kyu Song, wakiwa Stony Brook, New York, waliuliza swali dogo lenye matokeo makubwa. Je, sehemu hizo mbili zikitenganishwa kabisa, kisha kila moja ikabebeshwa protini nyingine mgongoni, na protini hizo mbili zikawa na tabia ya kushikana, Gal4 si itaungana tena? Wakajaribu na protini mbili za hamira, Snf1 na Snf4, zilizojulikana kuwa ni marafiki. Makoloni ya hamira yakageuka bluu, ishara kwamba Gal4 imeungana tena. Makala yao katika jarida la Nature yalikuwa na kurasa mbili tu.

Hapo ndipo lilipotoka jina la mahuluti mawili, kwa kuwa kila protini inayojaribiwa imeunganishwa na nusu ya Gal4. Ya kwanza tunaiita chambo. Ya pili ni samaki, na utamu wa mbinu hii ni kwamba samaki hahitaji kuwa mmoja. Unaweza kuchukua jeni zote zinazofanya kazi kwenye jani la mmea, au kwenye ini, au ndani ya kimelea cha malaria, ukazifunga zote kwenye nusu ya pili ya Gal4 na kuzimwaga ndani ya mamilioni ya seli za hamira. Mkusanyiko huo huitwa maktaba. Hamira yenyewe umeifanya lemavu makusudi: haiwezi kujitengenezea histidini, moja ya viungo vya kujengea protini, na chakula ulichoipa hakina histidini. Jeni ya kuiokoa ipo, ila imezimwa mpaka chambo na samaki washikane. Seli zisizo na jozi zinakufa njaa, na zenye jozi zinaota. Baada ya siku chache unachokiona kwenye sahani ni vidoti vichache vyeupe katikati ya uwanja mtupu. Unakisoma kila kimoja vinasaba vyake, unapata jina. Kifaa kikubwa unachohitaji ni joto la nyuzi 30, na yeyote aliyekaa Dar es Salaam mwezi wa Februari anajua kwamba hilo tunalo bure.

Ili mtu aone kwa nini jina usilolifikiria lina thamani, tuutazame ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo. Ulielezwa kitaalamu miaka ya 1930 na Storey, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ukanda wa pwani, hadi mwaka 2004 ulipoonekana Uganda, mbali na bahari na juu zaidi, na kuanzia hapo ukaenea katika nchi za maziwa makuu. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana ya kawaida kabisa, mkulima akaona shamba zuri, akangoja mwaka mzima, na siku ya kung'oa akakuta muhogo ndani una mabaka makavu ya kahawia usiofaa hata kwa ng'ombe. Virusi viwili vinavyousababisha ni vya familia ya Potyviridae, familia kubwa ya virusi vya mimea. Vyote katika familia hiyo vina protini ndogo iitwayo VPg, iliyofungwa kwenye ncha ya vinasaba vya kirusi kama kofia ya kuazima.

Kofia hiyo ni ya nini? Jibu halikuanzia kwenye muhogo, wala Afrika. Mwaka 1997 watafiti wa Québec, Kanada, waliokuwa wakichunguza kirusi cha familia hiyo kinachoshambulia tanipu na ndugu zake kabichi, waliitumia VPg kama chambo ndani ya hamira na kuitupia maktaba ya Arabidopsis, yale magugu madogo ambayo wanabiolojia wa mimea wameyafanya panya wao. Samaki aliyenasa alikuwa mmoja wa familia ya protini ziitwazo eIF4E, ambazo kwenye kila seli ya mmea husimama mlangoni pa kiwanda cha protini, zikipokea ujumbe wenye kofia halali na kuupitisha ndani. Kirusi kilikuwa kinamdanganya bawabu. Miaka mitano baadaye, 2002, mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja: Arabidopsis zilizopotezewa bawabu huyo zilionekana kukikataa kirusi, na jeni ya asili ya ukinzani iliyokuwa ikitumiwa kwa muda mrefu na wazalishaji wa mbegu za pilipili ikagundulika kuwa ni eIF4E iliyobadilika kidogo. Mwaka 2019 ndipo zamu ya muhogo ilipofika. Muhogo una mabawabu watano wa aina hii. Majaribio ya kushikana yakaonyesha kwamba VPg za virusi vya michirizi huwang'ang'ania hasa wawili, nCBP-1 na nCBP-2. Jeni zao zilipohaririwa kwa CRISPR, dalili zilichelewa na kupungua, na uozo kwenye mizizi ukawa mdogo kuliko kwenye mimea ya kawaida. Ugonjwa haukuisha, lakini njia ya kufika hapo ilipatikana, na hatua yake ya kwanza ilikuwa sahani ya hamira ambayo haikuambiwa itafute nini.

Sasa tuwape haki wanaoshabikia kompyuta, maana hoja yao ina uzito. Kwanza, inatoa umbo. Hamira inakwambia A anashikana na B na kunyamaza. Programu kama AlphaFold inakuonyesha A amemshika B kwa mkono gani, na mtu anayetaka kutengeneza dawa ya kuwaachanisha anahitaji kujua hilo. Pili, inafika mahali ambapo hamira haifiki. Oktoba 2024 maabara moja ya Vienna ilieleza jinsi ilivyotumia kompyuta kupata protini tatu kwenye uso wa mbegu ya kiume zinazoungana kulipokea yai, moja kati yake, Tmem81, ikiwa haijawahi kuhusishwa na kazi hiyo. Protini hizo zinaishi nje ya seli, kwenye utando, na hamira ya kawaida isingeziona, kwa kuwa jaribio lote hufanyika ndani ya kiini. Tatu, kasi. Mwaka 2021 jozi milioni 8.3 za protini za hamira zilipitiwa kwa kompyuta, zikabaki 1,505 zilizoonekana kushikana, na baadhi yake zikiwa miungano ambayo hakuna aliyeijua. Hakuna fundi wa maabara anayeweza kushindana na hilo kwa mikono yake, hata akikesha.

Lakini hoja hiyo hunyooshwa hadi ikakatika pale inapodaiwa kwamba kompyuta haihitaji tena meza ya maabara. AlphaFold ilijifunzia wapi? Ilijifunzia kwenye hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo kufikia 2023 ilikuwa na maumbo zaidi ya 200,000, na kila moja lilipatikana kwa mtu kuotesha fuwele, kupiga eksirei, kugandisha sampuli, kukosea na kurudia. Ni sawa na mwanafunzi aliyefaulu kwa kusoma madaftari ya wenzake kisha akasema madarasa yafungwe. Hata ule uhakika wa tisa kwa kumi haukushuka kutoka mbinguni. Kuupata unahitaji orodha ya jozi ambazo majaribio yameshazithibitisha, ili upime utabiri wako dhidi yake. Na ukiyatazama yale matokeo ya 2025 kwa makini, kati ya jozi takriban 18,000 ni kama 3,600 tu ambazo hazikuwa zimeonekana katika majaribio makubwa yaliyotangulia. Zilizobaki zilikuwa zimeshaonekana mezani kwa njia moja au nyingine. Wapo wanaoisoma takwimu hiyo kama ushindi wa kompyuta. Mimi ninaisoma pia kama cheti cha tabia njema kwa majaribio. Ikumbukwe vilevile kwamba ramani ya protini za binadamu iliyochapishwa mwaka 2020, iliyotokana na kujaribu ndani ya hamira takriban protini 17,500 dhidi ya zenyewe, ilitoa jozi zipatazo 53,000. Jozi nyingi kati ya hizo hazimo kwenye orodha ya kompyuta, na bado hatujui ni ngapi zimekosekana kwa kuwa ni za uongo na ni ngapi kwa kuwa kompyuta haizioni.

Kutokuona huko kuna sababu zinazoeleweka. Sehemu kubwa ya uwezo wa programu hizi hutokana na historia ya mageuzi ya viumbe. Protini mbili zinazoshikana hubadilika kwa kufuatana, kama kufuli na ufunguo. Moja ikibadili jino, nyingine nayo hubadili tundu lake. Ukipanga protini hizo kutoka kwa viumbe maelfu, mstari kwa mstari, nyayo za kufuatana zinaonekana. Kwa protini mbili za binadamu hilo ni rahisi, kwa kuwa zote mbili zinarithiwa ndani ya mwili mmoja. Kwa kirusi na muhogo, mistari hiyo haipangiki. Kila mmoja ana ukoo wake. Tena VPg ni miongoni mwa zile protini zisizo na umbo thabiti, zinazolegea kama uzi mpaka zipate wa kumshika, na protini za namna hiyo ndizo zinazozipa programu taabu. Kwa hiyo pale hasa ambapo sisi tunahitaji jibu, kati ya kimelea chetu na mwili au zao letu, utabiri unakuwa dhaifu kuliko ulivyo kwa protini za binadamu na binadamu. Mtu anayekuonyesha ufanisi wa kompyuta kwenye protini za hamira na za binadamu, kisha akakuambia ufanisi huo ni huo huo kwa kirusi cha michirizi, amekuvusha mto bila kukuambia kwamba daraja liliishia katikati.

Upande wa pili kuna shutuma kongwe dhidi ya hamira yenyewe, kwamba ni mwongo. Shutuma hii ina umri wa robo karne na msingi wake ni tukio moja. Mwaka 2000 kundi la Uetz, akiwemo Fields, lilichapisha ramani ya jozi 957 za protini za hamira. Mwaka uliofuata kundi la Ito kutoka Japani likachapisha ya kwake yenye jozi 4,549. Viumbe walikuwa wale wale, na mbinu kimsingi ile ile. Watu wakaziweka ramani hizo pamoja wakakuta zinafanana kwa sehemu ndogo mno. Hukumu ikatoka: kama mashahidi wawili hawakubaliani, wote ni waongo. Hukumu hiyo bado inarudiwa madarasani, na ndiyo hoja dhaifu kuliko zote ninazozijua katika mjadala huu.

Chukua bahari yenye samaki 1,000. Wavuvi wawili wanatupa nyavu, na kila wavu kwa ubovu wa matundu yake unanasa samaki mmoja kati ya watano. Kila mvuvi anarudi na samaki 200. Je, samaki wangapi wangenaswa na wote wawili? Ni 40 tu, kama bahati ndiyo inayogawa. Yaani manne ya tano ya kapu la mvuvi wa kwanza hayamo kwenye kapu la wa pili, na hakuna hata mmoja aliyeweka jiwe ndani akaliita samaki. Kutofanana kwa makapu kunakuambia kwamba bahari ni kubwa na nyavu ni hafifu. Hakukuambii kitu kuhusu mawe. Ili kujua mawe lazima uyachambue makapu yenyewe, na hilo lilifanyika. Ito mwenyewe alikuwa amezitenga jozi 841 zilizojirudia mara tatu au zaidi, akizihesabu kuwa za kuaminika kuliko nyingine, kwa hiyo ni kweli kapu lake kubwa lilikuwa na mawe, naye hakuyaficha. Mwaka 2008 kundi la Marc Vidal la Boston lilizijaribu upya jozi za ramani hizo kwa mbinu nyingine, na likaonyesha kwamba zile zilizochujwa vizuri hazikuwa na ubora wa chini kuliko zilizopatikana kwa njia zilizosifiwa zaidi. Mwaka uliofuata mbinu kadhaa, hamira ikiwemo, zililinganishwa kwenye orodha moja ya jozi zilizothibitishwa miaka mingi. Hakuna mbinu hata moja iliyonasa nusu ya orodha. Udhaifu wa nyavu ni wa wavuvi wote.

Nisije nikaonekana wakili wa hamira. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kukaa miezi mitatu na protini moja iliyoota na kila samaki niliyempa. Nilidhani nimepata kiungo kikuu cha maisha. Msimamizi wangu aliniuliza swali moja, kama nilishaiotesha chambo peke yake, na nilipofanya hivyo iliota vilevile. Ilikuwa na uwezo wa kuwasha jeni bila kushikana na yeyote. Kosa hilo ni la kawaida mno na kinga yake ni ya siku nne, lakini bado ninaona maandiko ya shahada ambayo hayakuichukua. Kuna pia zile protini zenye kunata, zinazoshika kila kitu kama ubani wa kutafuna chini ya kiti cha daladala. Na hata pale kushikana kunapokuwa kwa kweli, hujajua kama protini hizo hukutana maishani. Hamira inazilazimisha zote mbili kuingia chumba kimoja. Katika mwili halisi moja inaweza kuwa inaishi kwenye ubongo na nyingine kwenye figo, au moja ikafa kabla nyingine haijazaliwa. Kompyuta nayo haiponi hapo. Nayo huwaweka wawili chumba kimoja na kuuliza kama wanapendeza pamoja.

Yapo pia mambo ambayo hamira haiwezi kabisa, na mfano mzuri uko karibu nasi. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huingia kwenye chembe nyekundu ya damu kwa kutumia protini iitwayo RH5, inayoshika protini ya binadamu iitwayo basigini. Mwaka 2005 maabara ya Fields, ikiwa imehamia Seattle, ilikuwa imeshachapisha ramani ya protini za kimelea hicho yenye jozi 2,846, iliyotokana na majaribio zaidi ya 32,000 ndani ya hamira, kazi ngumu kwa sababu vinasaba vya kimelea hicho vina mpangilio ambao hamira huusoma kwa shida. Ramani hiyo ilikuwa ya protini za kimelea kwa kimelea, na hata kama wangeweka za binadamu, mshiko wa RH5 na basigini unatokea nje ya seli, kati ya protini zinazokunjwa kwa namna ambayo haiwezekani ndani ya kiini cha hamira. Ulipatikana mwaka 2011 na maabara ya Gavin Wright, Uingereza, kwa mbinu nyingine ya mezani iliyobuniwa mahsusi kwa miguso hafifu ya nje ya seli. Chanjo inayolenga RH5 imefanyiwa majaribio ya awali Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Somo ninalolichukua ni kwamba hamira iliposhindwa, aliyeziba pengo wakati ule alikuwa mtu aliyebuni wavu mwingine. Wavu wa utando nao upo ndani ya hamira hiyo hiyo, unaotumia nusu mbili za protini ndogo ya ubikwitini badala ya Gal4. Ni jambo la kuchagua chombo kulingana na samaki.

Kuna eneo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha katika ushabiki huu, nalo ni mabadiliko madogo. Mgonjwa ana jeni yenye herufi moja tofauti. Je, tofauti hiyo inavunja mshiko wa protini yake na nani? Programu nyingi za umbo zikipewa protini yenye herufi hiyo moja iliyobadilika hurudi na picha ile ile, kama mtu aliyekariri sura ya ukoo mzima asiweze kumtambua mwenye kovu. Mwaka 2015 maabara za Amerika ya Kaskazini zilijaribu mabadiliko mengi ya aina hiyo yanayohusishwa na magonjwa, zikitumia hamira, na zikakuta kwamba karibu theluthi mbili yake huvuruga miguso ya protini, na nusu ya hayo huvunja baadhi tu ya miguso na kuiacha mingine. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kwa tabibu, maana magonjwa mawili tofauti yanaweza kutoka kwenye jeni moja kwa sababu kila badiliko limekata kamba tofauti. Kwetu, ambako vinasaba vya watu ni vya namna nyingi kuliko kwingineko duniani na mabadiliko mengi hayajawahi kuandikwa na mtu, swali la herufi moja litakuwa la kila siku.

Nini kifuatie? Kwanza, katika kupanga bajeti, tuache kuuliza kama tununue kompyuta au tununue sahani. Utabiri wa AlphaFold mtu anaweza kuupata leo kwa intaneti bila malipo, kwa mipaka fulani ya matumizi. Hilo ndilo lisilohitaji fedha zetu nyingi. Kinachohitaji fedha ni mtu anayejua kutengeneza maktaba nzuri, friji ya kuitunza isiyozimika umeme ukikatika, na uwezo wa kusoma vinasaba vya vidoti vyote kwa mpigo, jambo ambalo limeibadilisha hamira katika miaka kumi na tano iliyopita kuliko wakosoaji wake wanavyojua. Maktaba ikishatengenezwa hudumu. Hugandishwa, hugawanywa, hutumiwa na maabara kumi kwa chambo kumi tofauti. Maktaba ya muhogo iliyotengenezwa vizuri kwenye kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, ingeweza kuhudumia Kampala na Nairobi bila mtu kuvuka mpaka na kitu kikubwa kuliko chupa ndogo ya barafu kavu. Pili, wasimamizi waache kukubali matokeo ya hamira yaliyosimama peke yake, na wakati huo huo waache kukubali matokeo ya kompyuta yaliyosimama peke yake. Ninaona siku hizi mwanafunzi wa kwanza anaambiwa athibitishe kwa njia mbili nyingine, na wa pili anapitishwa kwa sababu picha yake ina rangi nzuri.

Na kuna kazi inayosubiri, ambayo ningependa nione kijana mmoja anaichukua. Jaribio la 2019 lilifanyika kwenye aina ya muhogo iitwayo 60444, inayopendwa maabara kwa sababu inakubali kuhaririwa, wala si kwa sababu inapandwa na wakulima wetu. Wakati huo huo pwani yetu ina Namikonga, ambayo Kenya wanaiita Kaleso, muhogo uliotokana na kazi ya uzalishaji wa mbegu ya Amani, na unaojulikana kwa kustahimili michirizi ya kahawia bila CRISPR yoyote. Inastahimili kwa nini? Huenda bawabu wake amebadilika sura, kama yule wa pilipili. Huenda mabawabu wote watano ni wa kawaida na VPg inakwama kwa protini nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria, na ambayo hakuna atakayeiingiza kwenye kompyuta kwa kuwa hajui jina lake. Majani na mizizi ya Namikonga vipo. VPg ya virusi vyote viwili ipo kwenye plasmidi, vile vipete vya DNA vya kubebea jeni. Aanze kwa kuiotesha chambo peke yake, siku nne.